Msinipe Mioyo, Nipeni Maneno

Najua nimekuwa kimya hapa kwa muda. Kazi za wateja zilinibana, na stima nayo haikunihurumia. Leo sijaja na somo la Python wala ushauri kuhusu seva. Nimekuja na hasira, na hasira yenyewe ni ya kitu kidogo sana: kile kimoyo chekundu unachogusa chini ya picha ya rafiki yako.

Kabla hujacheka, nisikilize kwanza.

Shangazi yangu, dada yake baba, alikuwa na ploti Mwariki, upande wa Nakuru unaoelekea ziwani. Nyumba ya mabati ya vyumba vitatu, mlango wa bluu, mti wa avokado, mahindi kidogo, sukuma wiki na kuku wasiosikia la mtu. Mwaka 2018 na 2019 nilikuwa bado nasomea sayansi ya kompyuta, na kila nilipokuwa nyumbani hapa Section 58, Jumapili nilipanda matatu kwenda kumsalimia. Nilikuwa nimepata simu yangu ya kwanza yenye uwezo wa kufifisha mandhari nyuma ya mtu. Mnaikumbuka homa ile? Apple waliileta mwaka 2016 na iPhone 7 Plus, na baada ya muda mfupi hata simu za bei nafuu zikawa nayo. Simu inakisia mtu yuko wapi kwenye picha, kisha inapaka ukungu kila kitu kilichobaki, ili picha ionekane kama imepigwa na kamera ya gharama kubwa.

Basi nikampiga shangazi picha. Shangazi akipukuchua mahindi. Shangazi akifukuza kuku. Shangazi ameketi mlangoni na kikombe cha chai. Nikaziweka mtandaoni. Moja ilipata mioyo 214. Kwa mtoto wa Section 58 asiyejulikana, mioyo 214 ilikuwa harusi! Watu wakaandika "moto", "kali sana", "pro". Nikanenepa kichwa. Wiki iliyofuata nikarudi na ukungu mwingi zaidi.

Mwaka 2020 maji yakaja. Wakaazi wa Nakuru mnajua habari hii: ziwa limekuwa likipanda tangu mwanzoni mwa muongo ule, na mwaka huo lilifika kwenye nyumba za watu. Shangazi alihamia kwetu na magunia mawili, godoro na kuku wanne. Ploti ikabaki chini ya maji.

Jioni moja akaniambia, "Mwanangu, hebu nionyeshe nyumba yangu kwenye hiyo simu yako. Nataka kuiona tu."

Nikafungua picha zote. Zilikuwa 63. Katika kila moja uso wa shangazi ulikuwa safi kabisa, unahesabu hadi mikunjo. Na nyuma yake uji. Mlango wa bluu ulikuwa doa la bluu. Mti wa avokado ulikuwa moshi wa kijani. Simu yangu ilikuwa imehifadhi faili moja tu kwa kila picha, ile iliyokwisha kupakwa ukungu, kwa hiyo hapakuwa na cha kurudisha. Shangazi akatazama, akatazama, akasema, "Huyu ni mimi. Nyumba iko wapi?"

Sikuwa na jibu. Lakini tangu siku ile nimekuwa na swali, na ndilo limenileta hapa. Watu 214 waliitazama picha ile. Kwa nini hata mmoja hakuniuliza, "Kaka, hapo nyuma kuna nini? Mbona umekificha?" Swali moja la kirafiki. Ningelisikia mwaka 2018, Jumapili iliyofuata ningeuzima ule ukungu nikarudi nyuma hatua tano, na leo shangazi angekuwa na nyumba yake, angalau kwenye karatasi.

Kosa la kwanza ni langu, sikatai. Mimi ndiye niliyeshika simu. Lakini Waswahili walisema kinyozi hajinyoi. Mpiga picha ni mtu wa mwisho kuona kilichokosekana kwenye picha yake, kwa sababu akiitazama yeye haoni karatasi, anaona siku ile yote: harufu ya moshi, kelele za kuku, kicheko cha shangazi. Nyumba naiona hata kwenye ule uji, kwa sababu mimi naikumbuka. Wewe huikumbuki, kwa hiyo wewe ndiye unayeweza kuniambia kwamba haipo. Kazi ya rafiki mwenye macho ni hiyo, na kimoyo chekundu hakiwezi kuifanya.

Niieleze kwa lugha ya kazi yangu. Moyo ni biti moja: sifuri au moja, umegusa au hukugusa. Na hata biti kamili sio, kwa sababu sifuri yake haina maana. Huenda hukuipenda picha, huenda hukuiona, huenda bando lilikwisha. Hata ile moja haina maana ya uhakika. Umeipenda picha, au umempenda aliyepigwa, au unalipa deni kwa sababu jana nilikupa wewe? Jumlisha biti kama hizo mara 214 na utapata namba 214, basi. Haitaniambia kama picha imeinama au mkono ulitikisika. Sentensi moja ya kawaida kama "mbona umemkata miguu?" ina habari nyingi kuliko mioyo elfu kumi.

Sisi wasanidi programu tunalijua jambo hili vizuri kuliko watu wengine wote, na ndiyo maana hasira yangu inaanza nyumbani. Kazini kwetu hakuna mstari wa msimbo unaoingia kwa mteja kabla mwenzako hajausoma. Anausoma, anauliza: hapa ukipewa orodha tupu itakuwaje? Hili jina lina maana gani? Mbona umerudia kitu kilekile mara tatu? Msimbo wangu wa kwanza kazini ulirudi na maswali 31. Nilitaka kulia. Nilidhani nimefukuzwa. Yule aliyeniandikia yale maswali alikuwa amekaa saa mbili nzima na kazi ya mtoto aliyetoka chuo juzi, na hakuna zawadi kubwa kuliko hiyo niliyopewa mwaka ule.

Tuna pia ugonjwa wetu. Kuna herufi nne za Kiingereza, LGTM, ambazo mtu huandika chini ya msimbo wa mwenzake kumaanisha kwamba anaona uko sawa. Kila msanidi anajua tafsiri yake halisi: sijasoma, nina haraka. Programu zenye LGTM nyingi ndizo zinazoanguka Ijumaa usiku. Sasa niambieni, watu tunaojua haya yote, kwa nini tuliwajengea wapiga picha mashine ambayo haina kitu kingine ila LGTM?

Maana haikuwa hivi tangu mwanzo. Flickr ilipoanza mwaka 2004 mimi nilikuwa mtoto mdogo, lakini kurasa zake za zamani nimezisoma sana baadaye, na nawahimiza mzisome. Watu wa kawaida, makarani na walimu na wanafunzi, waliweka picha ya kikombe, ya mbwa, ya kituo cha basi, na chini yake wageni wakaandika aya nzima: mwanga wa dirisha umekufaa, ila ule mstari mweupe kushoto unavuta jicho, jaribu kusogea. Vikundi vingi viliweka sharti rahisi: ukiweka picha moja, toa maoni kwa picha mbili za wenzako. Kwanza unatoa, kisha unapokea. Ni kama chama cha akina mama hapa mtaani, asiyechanga hapokei!

Na jambo lenyewe ni la zamani kuliko intaneti. Uingereza, mwishoni mwa karne ya 19, kulikuwa na vilabu vya wapiga picha wa ridhaa vilivyofanya kazi kwa posta. Sanduku la picha linazunguka kutoka nyumba hadi nyumba, kila mwanachama anaandika maoni yake kuhusu za wenzake, anaweka yake mpya, analituma mbele. Yaani walingoja wiki kadhaa ili wapate sentensi chache za ukweli. Sisi tuna simu inayotuma picha Nakuru hadi Muscat kwa sekunde mbili, halafu tunatuma nini? Moto.

Kilichotokea baadaye kina tarehe. Februari 2009 Facebook walileta kitufe cha laiki. Oktoba 2010 Instagram ikaja na moyo. Mwaka 2016 Instagram wakaacha kupanga picha kwa mfuatano wa saa, wakaanza kuzipanga kwa makisio ya kompyuta kuhusu kitu kitakachokushika. Juni 2021 mkuu wa Instagram, Adam Mosseri, alitangaza waziwazi kwamba hiyo si tena programu ya kushirikiana picha, mwelekeo ni video na burudani. Mwaka 2022 wakarudisha chaguo la kuona unaowafuata kwa mfuatano wa saa, lakini lazima ulitafute mwenyewe kila unapofungua. Hakuna aliyekaa akapanga njama ya kuua maoni ya kirafiki. Yalikufa kwa sababu yanachukua dakika tatu, na katika dakika tatu unaweza kupitisha kidole juu ya picha sitini.

Matokeo yake yako hapa Nakuru, nendeni mtafute. Andika jina la mji wetu na utaona flamingo, kifaru, machweo juu ya Menengai, na msichana mbele ya taa zilizofifishwa. Ni picha nzuri, sipingi. Lakini flamingo wenyewe wengi walihama maji yalipozidi na chumvi kupungua, kwa sababu mwani wanaokula unataka maji ya magadi, na ukiwataka kwa wingi ulizia Bogoria. Ziwa lililokuwa na kama kilomita za mraba 40 limepita 60. Lango kuu la zamani la mbuga lilimezwa na maji. Mji ukapata hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021, na kila mwezi kuna nyumba inabomolewa na ghorofa linapanda. Nani anapiga picha za haya? Nani anapiga foleni ya kinu cha kusaga mahindi, mtu wa bodaboda akipangusa tope asubuhi, mama mboga wa Free Area akipanga nyanya mafungu mafungu? Wapo wanaopiga. Lakini wakiweka, mashine inawapa mioyo sita, na mioyo sita inawaambia kwamba maisha yao hayana thamani. Wiki ijayo nao wanakwenda kutafuta flamingo.

Hapa ndipo nataka ugomvi. Watu husema picha za kila siku ni za wanaoanza, na maoni ya kina tuwaachie wanaopiga wanyama na harusi. Ni kinyume kabisa! Simba hujibeba mwenyewe. Piga simba vibaya na bado ni simba. Fungu la nyanya za shilingi hamsini linahitaji mpiga picha. Lazima mtu aamue asimame wapi, mwanga utoke wapi, mkono wa mama uwemo au usiwemo. Picha ya kila siku ndiyo ngumu kuliko zote, na ndiyo inayohitaji macho ya mtu wa pili.

Sasa nijibu hoja, maana nawajua.

Hoja ya kwanza: utawavunja watu moyo. Hii huja ikiwa imevaa nguo za heshima, eti sisi hatukosoani hadharani. Kweli? Nenda mazoezi ya kwaya yoyote Jumamosi uone mwalimu anavyowasimamisha sauti ya tatu mara tisa kwenye mstari mmoja. Pika chapati ngumu mbele ya mama mkwe. Kosa penalti Afraha. Tunakosoana mchana kutwa, na tunajua kabisa tofauti ya anayekurekebisha kwa sababu anataka uimbe vizuri na anayekuchafua kwa sababu anataka ucheke wewe mwenyewe ulivyo mjinga. Hatukosi desturi ya kukosoana kwa upendo. Tumeiacha mlangoni tu tulipoingia mtandaoni. Na mtu anayeweka picha kila siku mwaka mzima bila kuongezeka hata hatua moja, huyo ndiye anayevunjika moyo. Nimewaona wengi. Simu imejaa, na hamu imekwisha.

Hoja ya pili ni nzito zaidi: watu wa mtandaoni ni wakatili na wengine hawajui kitu. Ni kweli, na mfano mzuri uko hapohapo Flickr. Kulikuwa na kikundi cha kupigia picha kura, ibaki au ifutwe. Mwaka 2006 mtu mmoja akaweka pale, bila kusema ni ya nani, picha ya Henri Cartier-Bresson aliyoipiga Hyères, Ufaransa, mwaka 1932: ngazi zinazozunguka, na chini mwendesha baiskeli anapita kasi. Mojawapo ya picha maarufu za karne ile. Wanakikundi wakasema ina ukungu, haina ukali, wakaipigia kura ifutwe. Dunia ikacheka.

Watu husimulia kisa hiki kuthibitisha kwamba maoni ya wapiga picha wa ridhaa ni upuuzi. Mimi naona kinathibitisha jambo jingine. Kura ya kufuta nayo ni biti moja! Ni moyo uliogeuzwa kichwa chini. Aliyesema "ina ukungu, ifutwe" alikuwa na mwanzo mzuri kabisa, maana ukungu upo, alichokosa ni swali lililopaswa kufuata: kwa nini baiskeli ina ukungu na ngazi hazina? Angeuliza, angeigundua picha yote. Kumsifu mtu bila kutazama na kumtukana bila kutazama ni uvivu uleule.

Hoja ya tatu: mafunzo yamejaa YouTube. Yamejaa, na mengi ni mazuri, lakini YouTube haijaiona picha yako. Na mengi yalitengenezwa chini ya jua la watu wengine. Wanakuambia upige katika ile saa ya dhahabu kabla ya jua kuzama. Sisi Nakuru tuko chini ya kilomita 40 kutoka mstari wa ikweta, jua linashuka wima kama jiwe kisimani. Kutoka pale linapokuwa nyuzi sita juu ya upeo hadi linapozama ni kama dakika 25. London mwezi Juni mwendo huohuo huchukua karibu mara mbili. Mimi nilichelewa miezi mingi nikifuata ratiba ya mtu wa London, hadi jirani, mzee aliyewahi kufanya kazi studio, akaniambia, "Kijana, hapa kwetu jua halikungoji. Kaa tayari saa kumi na mbili kasoro robo."

Hata ngozi zetu ni hivyo. Kwa miongo mingi maabara za picha zilirekebisha rangi kwa kadi za Kodak zenye mwanamke mweupe, na mwaka 2021 Google walipotangaza Pixel 6 walijitapa kwamba kamera yake imefunzwa kuonyesha ngozi nyeusi ipasavyo. Simu nyingi mikononi mwetu bado zinapima mwanga wa mbingu nyeupe kisha zinaugeuza uso wa mtu kuwa kivuli. Anayejua dawa ni mwenzako wa hapa: gusa uso kwenye skrini kabla ya kupiga, au mgeuze mtu aelekee ukuta wenye mwanga. Na futa lenzi! Wanasema jina la Nakuru limetoka kwa Kimaasai na maana yake ni mahali pa vumbi. Nusu ya picha tunazosema "simu yangu ni mbaya" ni vumbi na mafuta ya kidole.

Kulalamika peke yake hakujengi programu, kwa hiyo niwaambie tunachofanya sisi. Tuko watu tisa: muuguzi, wawili wa bodaboda, mwalimu wa shule ya msingi, wanafunzi, mstaafu mmoja na mimi. Kila Jumapili jioni kila mtu anatuma picha moja ya wiki ile, na lazima iwe ya maisha yake ya kawaida. Flamingo haruhusiwi. Moyo, moto na kidole gumba haviruhusiwi. Unayetoa maoni unaandika sentensi tatu tu. Ya kwanza inaanza na "Naona": sema kilichomo, bila sifa. Ya pili inaanza na "Najiuliza": uliza kitu kimoja. Ya tatu inaanza na "Ningejaribu": toa jambo moja linaloweza kufanyika kesho kwa simu ileile. Kila anayetuma moja anajibu mbili.

Mfano. Mwenzetu wa bodaboda alituma mwanamke anayechoma mahindi kando ya barabara usiku. Muuguzi akaandika: "Naona mkono na moto, uso umepotea gizani. Najiuliza kama ulitaka tuuone mkono au mama mwenyewe. Ningejaribu kungoja gari lipite, taa zake zimpige usoni." Mimi nikaongeza mambo ya ufundi: picha imetikisika kwa sababu gizani simu huacha shata wazi muda mrefu, egemeza kiwiko kwenye mlingoti. Wiki iliyofuata akarudi palepale, akangoja matatu matatu. Ile ya tatu taa zilimwangaza mama akicheka, na moshi nyuma yake ukawaka kama dhahabu. Picha hiyo ipo kwenye ukuta wa kibanda cha mama mwenyewe leo. Mtandaoni ingepata mioyo kumi na moja na kusahaulika Jumatatu.

Kwa wanaotaka kujaribu, mambo mawili ya kiufundi. WhatsApp ikituma picha kwa njia ya kawaida huibana na kuondoa taarifa za kamera zilizomo ndani ya faili, zile zinazoitwa EXIF, ambazo husema shata ilikaa wazi muda gani. Agosti 2023 waliongeza chaguo la HD lisilobana sana kama njia ya kawaida, lakini ukitaka mwenzako aone picha kama ulivyoipiga, itume kama faili ya kawaida. Tahadhari: ukituma hivyo, taarifa za mahali ulipopigia nazo huenda, kwa hiyo zima GPS ya kamera kama ni nyumbani kwa mtu. La pili, mwulize aliyemo kwenye picha. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, na mwaka 2023 klabu moja ya burudani Nairobi ilitozwa faini ya shilingi milioni 1.85 kwa kuchapisha picha ya mteja bila ridhaa. Lakini hata bila sheria, uliza. Mtu uliyemwomba hukutazama tofauti, na picha inafaidika.

Mwisho, kwenu wasanidi wenzangu. Nikiri: mwaka juzi mteja alitaka programu ya kuonyesha picha, nami nikamwekea kimoyo. Dakika ishirini kazi imekwisha. Sehemu ya kuandika maoni niliikwepa, kwa sababu maneno yana gharama: nani atazuia matusi, nani atasoma malalamiko, hifadhidata itakuwa kubwa kiasi gani. Moyo ni rahisi kwetu, ndiyo sababu upo. Tumewaambia watu kwamba ndicho wanachokipenda, kumbe ndicho tulichoweza kukitengeneza kabla ya chakula cha mchana. Kwa hiyo mkijenga kitu cha picha, hata kidogo cha watu ishirini wa kanisani au chuoni, acheni namba. Wekeni sanduku tatu za maneno. Wekeni sharti la kutoa kabla ya kupokea. Si kazi ngumu, ni kazi isiyo na sifa.

Shangazi bado yuko nasi. Siku hizi Jumapili jioni anachukua miwani yake na kukaa kando yangu picha zikiingia. Sentensi tatu hazimtoshi. Juzi aliitazama picha ya mwalimu, watoto wakicheza kati mbele ya darasa, akasema, "Watoto nimewaona. Lakini hebu mwambie arudi nyuma kidogo, hiyo shule nayo nataka kuiona yote, na ule mti, na geti." Nikamwandikia mwalimu hivyohivyo. Jumatatu akarudi nyuma hatua tano.

Basi usinipe moyo kwa haya niliyoandika. Fungua simu, tafuta picha ya mwisho ya rafiki yako uliyoigusa bila kuitazama, umwandikie: naona, najiuliza, ningejaribu. Kama hukubaliani nami, njoo na hoja, nipo hapa. Ila njoo na maneno.

Alamsiki kutoka Section 58.